Baba, Nimewaambia Ulikuwa Unapika

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea tu, marahaba yako siisubiri.

Nimerudi Katoro na duka nimefungua. Buti ziko palepale, tochi za kichwani ziko palepale, kamba, sururu, mifuko mitupu. Wachimbaji wanaingia na vumbi lao, wanasema pole dada Kabula, tumesikia. Nasema asante, nawauliza wanavaa buti namba ngapi. Wananichungulia usoni wakitafuta machozi, hawayaoni, wanachukua vitu vyao wanaenda zao. Sijalia, Baba. Sikulia ulipofukiwa na mpaka leo sijalia. Pale msibani walinisema, kwamba mtoto wa kwanza ana macho makavu. Ni kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi. Naugusa, najua ni wangu, lakini hausikii.

Sikuandikii kukuletea habari za ganzi. Nakuandikia kwa sababu nimetoa siri yako. Nimewaambia ukoo mzima kwamba ulikuwa unapika. Najua uliniapisha. Sasa usinune kwanza, soma mpaka mwisho, halafu ukitaka kununa utanuna, nafasi unayo.

Ulianguka uani mchana kweupe, ndoo mkononi. Hospitali walisema ni presha, mshipa wa kichwa umepasuka. Wengine tuliliamini hilo. Shangazi Minza hakuliamini. Dada yako unamjua kuliko mimi: kwake mtu hafi, mtu huuawa. Alikaa kwenye ule mkeka wa wanawake siku zote za msiba, akiuliza kila anayeingia, presha gani hiyo inamchukua mwanaume aliyeamka akanywa uji wake vizuri? Mama alikuwa pembeni yake, kajifunika khanga mpaka kichwani.

Halafu Shangazi akaingia jikoni kutafuta chumvi.

Kopo lako, Baba. Lile la maziwa ya unga ulilolifunga kwa mfuko wa nailoni na mpira wa baiskeli ili harufu isitoke. Ulilificha juu kabisa, nyuma ya masufuria ya sherehe, mahali ambapo wewe na urefu wako ulipafikia bila stuli. Shangazi alipanda stuli. Akafungua mpira, akafungua nailoni, akafungua kifuniko, harufu ikamtandika usoni. Ndani akakuta yale mabonge ya kahawia, magumu kama gundi ya mti, yamefungwa kwenye kipande cha shati lako la kaki la kazini. Mfuko wa shati bado ulikuwepo, na doa la wino la kalamu yako.

Wewe ulikata shati lililochakaa ukafungia kiungo chako. Basi, ni hilo tu. Lakini hebu fikiria, huku kwetu nani anajua kwamba mvuje unaliwa? Mvuje ni wa mganga. Watoto wachanga wanafungiwa shingoni, wagonjwa wanafukiziwa ili kilichowakalia kiwatoke. Mtu akikuta mvuje umefungwa kwenye nguo ya marehemu, umefichwa kwenye nyumba ya marehemu, na marehemu kaanguka ghafla, huyo hajaona kiungo. Ameona kazi ya mtu.

Shangazi alipiga yowe la kumwita mama yake, “Mayu!” mpaka walioko barabarani wakageuka. Hakuligusa tena lile kopo kwa mkono. Alilishika kwa koleo la mkaa, akalipeleka katikati ya uwanja, akalifunika kwa karai. Kuanzia hapo watu wakawa wanapita mbali na karai. Hata kuku walifukuzwa wasilikaribie.

Mama akaulizwa. Aliangalia lile karai, akasema, “Muulizeni aliyeliweka.”

Alikuwa anasema ukweli mtupu, lakini wao walisikia kiburi. Aliyeliweka yuko chini ya udongo, atamuuliza nani? Shangazi akasimama na kile kitambaa kwenye ncha ya koleo, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: “Kikulacho ki nguoni mwako.” Baada ya hapo hakuna mwanamke aliyekaa mkeka mmoja na Mama. Walihamia upande wa pili, mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake, huyu jua linampiga, huyu mgongo unamuuma. Mama akabaki peke yake na mkeka mzima.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, “Baba yako aliniomba nisiseme.” Wewe umekufa, yeye anakaribia kufukuzwa, na bado analinda jina lako lisichekwe na watu wa kijijini. Sijui mlikuwa mnaongea nini nyie wawili, lakini mlishikana.

Kikao cha ukoo kikakaa siku ya kuondoa matanga, chini ya turubai la kukodi. Baba Mdogo Mabula ndiye aliyeongoza. Mdogo wako si mtu mbaya, ila anamwogopa dada yake tangu akiwa anachunga ndama. Aliongea akiangalia viatu vyake. Akasema wazee wameona ni busara Mama arudi kwao Bukombe kwa muda, nyumba ifungwe, na watu wawili watumwe kwa mganga wakapige ramli ili ukweli ujulikane. Alisema “ukweli ujulikane” kwa upole kabisa, kama mtu anayesema chai imeiva.

Unajua ramli za huku, Baba. Mganga anapelekewa jina wala hahangaiki kulitafuta. Na jina la mama mtu mzima, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, likishatajwa na mganga, hata akihamia wapi linamfuata. Bukombe si mbali. Wako watu wanaoweza kumfuata mpaka huko na mapanga.

Nilipaswa kuogopa. Nilijiona tu nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikihesabu mashimo ya turubai. Nikamwangalia Mama, nikamwona anavuta khanga yake kufunika vidole vya miguu. Kwa sababu ya vidole vile nikasimama. Sikutoa hotuba. Niliwaambia tu kwamba kabla hamjaenda kwa mganga, nipeni muda wa kuchemsha chakula, kisha mtaamua. Nikaenda kwenye karai, nikaliinua, nikachukua kopo kwa mikono yangu. Nilisikia watu wakivuta pumzi.

Unaikumbuka ile Jumapili uliyoniapisha? Nilikuwa darasa la sita. Wewe ulikuwa unasali misa ya kwanza, Mama na kina mama wenzake wanasali ya pili, na mimi nilikuwa nimekwenda na Mama. Kichwa kikaniuma katikati ya mahubiri, akaniruhusu nirudi nyumbani. Nikakuta mlango wa nyuma umefungwa kwa ndani. Nikachungulia dirishani. Baba yangu, dereva wa lori, mtu ambaye sauti yake ikikohoa geti linajifungua, amejifunga khanga ya Mama kiunoni ili suruali ya kanisani isichafuke, anakata vitunguu huku anapiga mluzi. Uliponiona uliruka, kisu kikaanguka. Ulifungua mlango, ukaniingiza, ukafunga tena. Ukaniambia, “Kabula, watu wa kijijini wasijue hili. Watasema mama yako amenilisha kitu.”

Umeona sasa? Hata wewe ulijua wangemlaumu nani.

Siku ileile ulinieleza yote. Vidonda vya tumbo vilikuwa vinakutesa barabarani, maharage unayakimbia, ugali mkavu unakuchoma. Mke wa tajiri wako, yule mama wa Kihindi uliyemsifia maisha yako yote, alikuona umejikunja kwenye baraza walipokuwa wanakula madereva na makuli. Akakuletea bakuli la choroko zilizopasuliwa na kutolewa maganda, zile za njano ambazo wenyewe wanaziita dali. Ukala, tumbo likatulia. Ukaanza kusimama mlangoni kwake kuangalia anavyofanya, kofia mkononi. Yeye ndiye aliyekuambia mvuje unazuia gesi, na wewe ukaununua kwa muuza dawa za asili sokoni, usiku usiku, ukijifanya ni wa mtoto wa jirani. Nilicheka sana siku ile. Leo nikikumbuka sicheki, wala sihuzuniki. Najua tu kwamba ni jambo la kuchekesha.

Basi nilipika uani, mbele ya macho yao yote. Ningeingia jikoni wangesema nimebadilisha kitu. Nikaleta jiko la mkaa, nikaleta dali zako zilizobaki kwenye mfuko, nikaziosha mpaka maji yakaacha kuwa na ukungu. Nikazibandika na manjano, bila chumvi, maana ulisema chumvi ikitangulia zinagoma kuiva. Povu likapanda, nikaliengua kwa upawa. Nikazivuruga zilipoanza kupasuka. Shangazi alisogeza kiti chake karibu. Yeye analima choroko tangu akiwa msichana, na lori lako ndilo lililokuwa linazibeba, lakini zikishapanda lori kwake zilikuwa zimekwisha. Aliwahi kuzila na maganda yake kwenye kande, basi. Alikuwa anaiangalia ile rangi ya njano kama anaangalia mtoto wa mtu anayefanana na wa kwake.

Nikaweka kikaango na mafuta. Uliniambia mafuta yasiharakishwe. Nikatupia bizari nyembamba, ikarukaruka. Nikachukua bonge la mvuje, nikalimega kipande kidogo kama kichwa cha kiberiti, nikakionyesha kwa wote kama katekista anavyoonyesha watoto msalaba. Wapo walioziba pua. Nikakitupa kwenye mafuta.

Wewe ulijua kitakachotokea. Ule uvundo ukageuka. Hapohapo, mbele yao, ile harufu ya kwa mganga ikawa harufu ya kitunguu swaumu kinachokaangwa. Nikaongeza vitunguu, pilipili kavu, nyanya, nikaiunga dali yote, ikalia shwaa, na uwanja mzima ukanukia. Watu walioziba pua wakaziachia. Nikawaambia: huu mvuje ni wa Baba. Aliufunga Baba mwenyewe kwa shati lake mwenyewe. Baba alikuwa anapika.

Hakuna aliyeniamini. Baba Mdogo alisema taratibu, “Kabula, kaka yangu hakuwa mtu wa jikoni.” Alisema kwa kukutetea. Nikaona jambo limegonga mwamba, kwamba hata nikipika mpaka jioni watasema nilifundishwa na Mama.

Hapo ndipo jirani yetu Mama Shija alipoanza kujikohoza. Unamjua, nyumba ya pili upande wa uwanja wa ndege. Alikuwa amejibana nyuma ya wanawake, uso umemwiva. Akasema harufu hii anaijua. Akasema anaisikia ikitoka humu Jumapili, na siku zote ni wakati wa misa ya pili, na misa ya pili yeye hukosa mara nyingi kwa sababu ya miguu, lakini Mama Kabula hakosi. Shangazi akamuuliza, sasa kama Mama Kabula yuko kanisani, ulidhani anapika nani? Mama Shija akajifunika uso na khanga. Akasema alidhani kuna mwanamke anaingia kwa mlango wa nyuma. Kwamba miaka yote hiyo amekaa na siri hiyo kifuani, akimwonea huruma Mama, na hata juzi kwenye jeneza alikuwa anaangaza macho kama huyo mwanamke atajitokeza kulia.

Baba, kwa watu wetu ni rahisi kuamini mwanaume mzima ana hawara kuliko kuamini anakaanga vitunguu.

Ndege ikaruka juu yetu, tukaisubiri ipite. Kisha Baba Mdogo akaguna, na mguno ukamponyoka ukawa kicheko. Akasema, “Yaani kaka... na masharubu yale?” Wazee wakaangua. Shangazi Minza alijaribu kujizuia, mabega yakamtikisika, akacheka mpaka akashika ubavu, na katikati ya kucheka akaanza kulia, akawa anakuita jina lako la utotoni, lile ambalo mimi nilikuwa silijui. Walikucheka, Baba. Ulichokuwa unakiogopa maisha yako yote kilitokea kwenye uwanja wako mwenyewe, na wewe haupo kuwafokea. Niliwaacha wacheke. Kila aliyecheka nilimwona anaiacha ile ramli.

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja na sahani. Aliinuka kutoka kwenye mkeka wake mtupu, akavuka uwanja, akajipakulia dali juu ya ugali, akakaa chini palepale kwenye jiko akala. Baada yake nikala mimi. Sikusikia ladha yoyote. Ilibidi nimuulize Baba Mdogo kama chumvi imekolea, akasema imekolea. Shangazi alikula mwisho. Alianza kwa ncha ya kidole, kisha akaomba kuongezewa, akashukuru, “wabeja,” bila kuniangalia.

Msamaha hakuomba. Usitegemee, ni dada yako. Ila asubuhi alipokuwa anafunga mizigo alikuja jikoni akamwita Mama “wifi,” neno ambalo alikuwa hajalitumia kwake tangu alipoliona lile kopo. Akamwomba ampe kile kitambaa cha shati akakae nacho. Mama akamwambia achukue mvuje wote akitaka, achukue dali, achukue na masufuria ya sherehe. Kitambaa hapana. Shangazi akatikisa kichwa, akakubali, akaondoka na mvuje. Sijui kama ataupika au atamfungia mjukuu shingoni.

Kikao hakikurudi tena kwenye jambo la Bukombe. Baba Mdogo alifunga kwa kusema mjane wa kaka anabaki kwenye nyumba ya kaka, na asiyetaka aje aseme mbele yake. Mara hii aliangalia watu, si viatu.

Kuna moja ambalo huenda litakuuma kuliko vicheko. Jioni ya kikao, watu walipotawanyika, nilibaki na Mama tukiosha vyombo. Nikamwambia nitakuwa nikija nitampikia dali yako. Akasuuza sahani, akaiegemeza ukutani, akasema niache, asipoteze mtu mkaa, yeye dali hakuwahi kuipenda. Inamjaza tumbo, ameivumilia miaka yote. Nikamuuliza, sasa kwa nini ulikuwa unakula kila Jumapili? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. Akarudi kwenye vyombo vyake.

Wateja wameanza kuingia, naishia hapa. Machozi bado, Baba. Nimeacha kuyasubiri, yakija yatanikuta dukani au njiani, nitayapokea.

Naahidi jambo moja tu, maana mengi sitayaweza. Huko nyumbani Ibadakuli namba yangu nimempa Mama Shija na nimempa Baba Mdogo. Neno lolote likisemwa juu ya Mama, kwa sauti au kwa kunong'ona, duka hili nitalifunga siku hiyohiyo na nitafika. Mpaka niwe udongoni kama wewe, hakuna atakayemtoa.

Lala, Baba. Jana nimempigia simu, akasema haongei sana kwa sababu anafagia. Yuko nyumbani kwake.

Mwanao,
Kabula